Kabla ya kuuliza kama samaki anakufa, tuulize kama anazaa



Mu mikutano ya kiangazi hiki, katika vijiji vya upande wa Likasi na Kambove, swali moja lilirudi mara mingi. Koperative inachimba viziwa vya samaki, kazi inaisha, maji yanaingia. Sasa inatafuta samaki wazazi wa kuweka ndani. Kununua kwa mfugaji ni bei. Mtoni samaki wako bure. Lakini mto ule unapita chini ya migodi ya zamani, na watu wanasema kule juu kuna mawe ya uraniamu. Je, tukamate wazazi mtoni, ao tuache?

Katika kila mkutano watu wanagawanyika mara mbili. Wa kwanza wanasema: "Tumekula samaki wa mto huu tangu babu zetu, hatujaona samaki wakielea wamekufa. Hiyo radiation ni hadithi ya wazungu." Wa pili wanasema: "Samaki wote wa huku wameharibika, tusiguse hata mmoja." Mama mmoja anayeuza samaki sokoni alisimama, akasema: "Nyinyi mnapiga maneno, lakini mimi ndiye ninarudi nyumbani na beseni imejaa, juu watu wameogopa kununua."

Tumewaza sana juu ya neno la huyu mama. Katika kijarida hiki tunataka kutoa mawazo yetu waziwazi. Tunaona kwamba pande zote mbili zinauliza swali lisilofaa. Zinauliza kama samaki anakufa. Sisi tunasema: mfugaji aulize kwanza kama samaki anazaa, anazaa wakati gani, na mayai yake yanatoa watoto wangapi. Kwa sababu mionzi, ile watu wa huku wanaita radioaktivite, inaweza kugusa uzazi wa samaki wakati samaki mwenyewe bado anaogelea, anakula na ananona.

Mionzi yetu inatoka wapi

Tuanze na mahali tunapoishi. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulijulikana kwa madini yake tangu 1915. Kwanza wakubwa wa wakati ule walitafuta radiamu, na mawe yalipelekwa Ubelgiji kusafishwa kule Olen. Kisha, wakati wa vita vya pili vya dunia, uraniamu ya Shinkolobwe ilinunuliwa na Waamerika kwa kutengeneza mabomu yao ya atomiki. Mashimo ya chini yalifungwa wakati wa uhuru. Baadaye wachimbaji wa mikono waliingia kutafuta kobalti. Mwezi wa 1 mwaka 2004 Rais wa Jamhuri alitoa amri ya kufunga mahali pale, na mwezi wa 7 wa mwaka ule ule shimo lilibomoka na kuua watu.

Lakini mtu asidhani jambo hili ni la Shinkolobwe peke yake. Katika mawe ya shaba na kobalti ya Katanga, sehemu nyingine kuna uraniamu kidogo iliyochanganyika. Mawe yanabebwa, yanaoshwa, vifusi vinabaki, mvua inashuka, na mto unachukua. Mwezi wa 11 mwaka 2007, matani ya mawe yenye mionzi yaliyokuwa yamekamatwa yalitupwa katika mto Mura, karibu na Likasi, badala ya kupelekwa mahali palipopangwa. Habari hiyo ilijulikana hata nje ya inchi. Basi kusema kwamba mionzi ni hadithi tu, hapana. Ni sehemu ya historia ya udongo wetu.

Uraniamu ina tabia mbili, na zote mbili zinamhusu samaki. Ya kwanza, inatoa mionzi. Mionzi yake kubwa ni ile inayoitwa alfa. Karatasi moja inaweza kuizuia, kwa hiyo jiwe likiwa mbali haliwezi kukufanyia mengi kwa mionzi ile. Lakini ikiingia ndani ya mwili, kwa maji, chakula ao vumbi, inapiga chembechembe za mwili kwa karibu sana na kuzivunja. Ya pili, uraniamu ni metali nzito kama zebaki ao risasi, na inaweza kudhuru kama sumu hata bila kuhesabu mionzi. Pamoja nayo kuna radiamu, mtoto wa uraniamu. Radiamu inafanana na kalsiamu, kwa hiyo mwili unaipeleka mu mifupa. Nusu ya radiamu iliyoko leo itakuwa ingali hapa baada ya miaka 1600. Na mingi yake haikai katika maji yanayopita. Inashuka, inalala katika matope. Mukumbuke neno hili la matope, tutalirudilia.

Homoni ni nini, na wafugaji wanazijua tayari

Watu wengine wakisikia "homoni" wanafikiri ni neno la daktari. Lakini wafugaji wa kambale wanazijua kwa mikono yao. Kambale jike katika kiziwa anajaa mayai, lakini hayatoi mwenyewe. Ndiyo maana tunachukua kichwa cha kambale mwingine, tunatoa kale katezi kadogo kanakokaa chini ya ubongo, ipofizi, tunakasaga na maji ya chumvi, tunamdunga jike sindano. Jioni anadungwa, asubuhi maji yakiwa ya moto mayai yanatoka. Katezi kale ni kadogo kuliko punje ya mtama, lakini kanaamuru mayai maelfu. Ile ndiyo nguvu ya homoni.

Na wafugaji wa tilapia wanajua mfano mwingine. Kuna wanaouza alevini za madume matupu. Wanazipataje? Wanachanganya homoni ya kiume kidogo sana katika chakula cha watoto wa samaki, kwa majuma matatu ao manne tu tangu waanze kula, na karibu wote wanakuwa madume. Homoni yenyewe inapimwa kwa miligramu, lakini samaki anabadilika maisha yake yote.

Katika samaki ambaye hakuna mtu anamdunga, kazi inafanyika kama ukoo unaotumana. Ubongo unaona maji yamepata moto na mvua imekaribia, unatuma habari kwa ipofizi. Ipofizi inatuma homoni zake kwa viungo vya uzazi. Kwa jike, mfuko wa mayai unatoa homoni inayoitwa estradioli. Estradioli inaenda kwa ini na kuliamuru litengeneze vitelojenini, ile protini inayojaza kiini cha yai. Bila kiini, mtoto hana chakula siku zake za kwanza. Kwa dume, homoni za kiume zinakomaza mbegu na kumfanya achimbe kiota chake na kufukuza wengine.

Sasa muone hatari iko wapi. Mionzi inavunja zaidi zile chembechembe zinazogawanyika mbio mbio. Na katika mwili wa samaki aliyekomaa, viungo vya uzazi ni kati ya mahali chembechembe zinagawanyika sana. Mfuko wa mayai ukipata hasara, haupotezi mayai tu. Unapoteza pia watumishi wanaotoa estradioli. Estradioli ikipungua, ini haipati amri. Yai linachelewa, linabaki dogo, ao mwili unalimeza tena. Samaki mwenyewe anaendelea kula mapumba yako kama kawaida, na wewe unaona ananona. Unafurahi. Lakini hazai, ao anazaa wakati umepita.

Kile kilichoonekana kule Chernobyl

Tusitoe maneno bila mifano. Mahali ambapo samaki wa maji baridi wamefuatwa kwa miaka mingi juu ya jambo hili ni Chernobyl, Ukraine, ambako mtambo wa nyuklia ulipasuka tarehe 26 mwezi wa 4 mwaka 1986. Kando ya mtambo kulikuwa ziwa la kupoza mashine, na ndani yake watu walikuwa wanafuga samaki, kati yao carpe argentée, wa jamii ya carpe. Siku za kwanza samaki wale walipata mionzi mikali. Wengi waliishi, wakakua, wakawa wakubwa sana. Mtu aliyewatazama angesema: samaki wazuri. Lakini wataalamu walipowapasua miaka iliyofuata, waliona viungo vya uzazi vyenye kasoro, na wengine hawakuweza kuzaa kabisa.

Miaka karibu 30 baada ya ajali, kundi lingine la watafiti lilirudi kukamata samaki katika maziwa saba ya Belarus na Ukraine, mengine yenye mionzi mingi, mengine kidogo. Mwaka 2018 walitoa matokeo. Walitazama samaki wa aina mbili, perche na gardon. Kwa jumla samaki walionekana wazima. Lakini perche wa maziwa yenye mionzi mingi zaidi walichelewa kukomaza mayai yao. Gardon hawakuonyesha jambo hilo.

Sisi tunaona mafundisho mawili hapa. La kwanza: hata baada ya miaka 30, mahali ambapo hakuna samaki wanaokufa, uzazi bado unaweza kuchelewa. La pili, na hili ni kwa wale wanaoogopa kila kitu: samaki wa aina moja aliguswa, wa aina nyingine hapana, katika maji yale yale. Kwa hiyo mtu akisema "samaki wote wameharibika", anasema kuliko wataalamu waliofika pale na vyombo vyao.

Lakini Chernobyl si Likasi. Kule, mionzi ilitoka katika mtambo, nayo ni hasa sesiamu na strontiamu. Huku ni uraniamu na watoto wake, vitu vya asili ya udongo vilivyofukuliwa. Juu ya uraniamu yenyewe kuna majaribio ya maabara. Watafiti wa Ufaransa walitia uraniamu katika maji ya samaki wadogo wanaoitwa poisson-zèbre. Mayai yalipungua, na uraniamu ya mama ilipita ikaingia katika mayai. Na mwaka 2007 kule Arizona, Marekani, mahali ambapo Wanavajo wanaishi na mabaki ya migodi ya uraniamu, watafiti walinywesha panya jike maji yenye uraniamu kidogo. Miili yao ilijibu kama vile imepewa estrojeni, homoni ya kike. Panya si samaki, tunajua. Lakini jaribio lile linaonyesha kwamba uraniamu inaweza kuingia katika mazungumzo ya homoni kwa tabia yake ya metali, hata pasipo kungoja mionzi ifanye kazi yake.

Kwa nini hatutaki hofu

Mtu anaweza kusoma mpaka hapa na kukimbia. Tunamuomba asikimbie.

Mionzi inapimwa. Tume ya kimataifa ya kukinga watu na mionzi imeweka kipimo cha kufikiria kwa samaki wa jamii ya truite: kati ya miligrei 1 na 10 kwa siku. Samaki akipata chini ya pale, haifikiriwi kwamba kundi lake litaanguka. Akipita pale, inafaa kutazama kwa makini. Je, mto unaopita nyuma ya koperative yako uko chini ao juu? Hakuna mtu anayeweza kujibu kwa macho. Maji yenye uraniamu yanaweza kuwa meupe kabisa, na maji machafu yanaweza kuwa hayana. Yeyote anayesema "hakuna kitu" pasipo kipimo anadanganya, na yeyote anayesema "imejaa" pasipo kipimo anadanganya vilevile.

Tena, mionzi si adui wa pekee. Mito yetu inabeba shaba na kobalti, na wakati mwingine asidi kutoka mahali pa kuosha madini. Metali hizo nazo zinagusa uzazi wa samaki. Kuna uvuvi wa chandarua unaokamata hata watoto wa juma moja. Kuna wavuvi wanaokamata tilapia mama akiwa na mayai mdomoni. Kuna baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7, ambayo inasimamisha uzazi wa tilapia hata katika maji safi kabisa. Mfugaji ambaye anaona viziwa havina watoto mwezi wa 7 na kusema "ni uraniamu" amesahau kalenda yake.

Na hofu ina bei. Yule mama wa beseni hakuuza samaki wa mtoni siku ile. Alikuwa anauza samaki wa kiziwa kinachopata maji kwa chemchem, mbali na mgodi wowote. Wateja hawakuuliza. Walisikia neno moja, wakaondoka. Watoto wake ndio walikosa pesa ya shule. Kwa hiyo mtu anayetangaza sumu sokoni pasipo karatasi ya kipimo mkononi, anaharibu kazi ya wale hasa wanaofuga vizuri.

Tulipokosea sisi

Kabla ya kuwashauri, tuseme kosa letu. Sisi wa miradi tumehesabu viziwa vilivyochimbwa. Tumehesabu alevini tulizogawa. Tumehesabu kilo za siku ya kuvuna. Mu ripoti zetu hakuna mstari wa mayai. Tulipochagua mahali pa kuchimba, tuliuliza kama udongo unashika maji na kama barabara iko karibu. Mara mingi hatukupanda juu kutazama maji yanatoka wapi na yanapita kando ya nini. Koperative moja ilipotuambia kwamba majike yao hayana mayai kwa msimu mzima, tuliwajibu waongeze chakula. Pengine ilikuwa chakula. Pengine hapana. Hatukuandika kitu, basi leo hatuwezi kujua. Tunawaomba radhi, na tunasema kwamba mradi wowote unaogawa samaki katika eneo la migodi pasipo kutazama juu ya mto haufanyi kazi yake yote.

Kile tunashauri

Kwanza, juu ya swali la mwanzo: musichukue samaki wazazi katika mto unaopita chini ya vifusi ao mahali pa kuosha madini, mpaka mto huo upimwe. Hatusemi samaki wale ni wabaya. Tunasema mzazi ndiye msingi wa koperative kwa miaka. Ukila samaki mmoja, umemaliza. Ukimfanya mzazi, kasoro yake inakuwa kasoro ya viziwa vyote. Katanga ina historia ya tilapia: katika miaka ya 1940 na 1950 kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilikuwa kinafundisha Afrika nzima namna ya kufuga tilapia katika viziwa. Wazazi wazuri wa maji ya chemchem wanapatikana kwetu. Koperative tatu zikichangia, bei inabebeka.

Pili, kuwe na kaye ya uzazi. Kaye ya watoto wa shule inatosha. Kila majuma mawili, wakati wa moto, kamata majike 10 ya tilapia, fungua midomo polepole, andika wangapi wana mayai ao watoto, kisha uwarudishe. Tilapia jike mzima, maji yakiwa ya moto na chakula kikiwa sawa, anaweza kuzaa kila majuma manne mpaka sita. Kwa kambale, andika siku ya sindano, saa mayai yalipotoka, na kwa mayai 100 mangapi yamegeuka meupe pasipo kutoa mtoto. Mwaka mmoja wa kaye ile utakufundisha kuliko maneno yote ya mikutano.

Tatu, kama mko tayari na samaki wa mtoni, muwalinganishe. Wekeni majike ya mtoni katika kiziwa kimoja na majike ya chemchem katika kingine, ukubwa sawa, chakula sawa, madume sawa kwa hesabu, maji ya chemchem kwa wote wawili. Andikeni. Kama wa mtoni wanachelewa ao mayai yao yanakufa mingi kwa msimu mzima, kuna kitu. Kaye haitasema kama ni mionzi, shaba ao ugonjwa. Lakini itawapa haki ya kuomba kipimo, na mtu wa maabara atawasikiliza vizuri kuliko mukija na mikono mitupu.

Ine, mutunze matope. Tulisema radiamu na metali zinalala kule chini. Kambale anachimba matope, anakula vidudu vya matope. Tilapia dume anachimba kiota ndani ya matope, na mayai yanaanguka pale kwanza kabla mama hajayachukua mdomoni. Basi musijenge ukingo wa kiziwa kwa vifusi vya mgodi, hata kama kampani inavitoa bure na gari lake. Musitie mchanga uliotoka mahali pa kuosha madini. Musibebe mapumba ya samaki katika magunia yaliyobeba madini, na mapipa ya kiwanda musiyatumie kuwekea alevini.

Tano, kuomba kipimo ni haki, lakini iombwe kwa maandishi na kwa pamoja. Inchi yetu ina Commissariat Général à l'Énergie Atomique, yenye wataalamu wa mionzi. Kuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kina watu wanaojua samaki na metali. Barua ya koperative moja inaweza kulala mezani. Barua ya koperative kumi za mto mmoja, yenye sahihi za mashefu wa vijiji na nakala ya kaye za uzazi, ni vigumu kulaza. Muombe wapime vitu vitatu: maji, matope na samaki. Maji peke yake hayatoshi, juu yanapita na kubadilika kila mvua. Wakipima maji ya kunywa ya watu, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 30 za uraniamu kwa lita moja. Lakini hicho ni cha kikombe cha mtu. Hakiwezi kukuambia kama tilapia atazaa. Muombe pia jambo hili: matokeo yasomwe mbele ya koperative, kwa Kiswahili, na karatasi ibaki kijijini.

Kwa wenye kampani na wakubwa wa serikali wanaosoma kijarida hiki, tuna neno fupi. Mara mingi munajibu malalamiko ya wavuvi kwa kusema hakuna samaki waliokufa. Jibu hilo halitoshi tena. Samaki wa Chernobyl hawakuelea wote wamekufa. Waliogelea wakiwa wanene na viungo vya uzazi vimeharibika. Mukitaka kutuonyesha kwamba mto ni mzima, mutuonyeshe majike yenye mayai mwezi wa 10 na wa 11, na watoto wa samaki kando ya majani mwezi wa 1. Mtu yeyote wa kijiji anaweza kwenda kuhakikisha.

Na kwako, mama wa beseni. Tunajua kwamba kaye na barua havitauza samaki wako kesho. Lakini koperative ikiwa na kaye inayoonyesha wazazi wake walitoka wapi, maji yake yanatoka wapi, na uzazi wake uko namna gani, unaweza kuiweka juu ya meza yako ya soko. Mteja akiuliza, umuonyeshe. Tumeahidi mkutano wa mwezi ujao kwamba tutaleta kaye za kwanza sisi wenyewe, tayari zimepigwa mistari, moja kwa kila koperative. Kazi ya kuandika itabaki kwenu, na sisi tutakuja kuzisoma kabla ya kuhesabu kilo.